Kabla ya kumwambia mama amwage mahindi

Kufikia tarehe 20 Julai 2004, Wizara ya Afya ya Kenya ilikuwa imeandikisha wagonjwa 317 wa sumu ya aflatoksini, wengi wao kutoka Makueni na Kitui. Waliofariki walikuwa 125. Wagonjwa walifika hospitalini macho yakiwa manjano na tumbo limefura, kwa sababu ini lilikuwa limeshindwa na kazi. Chanzo kilikuwa nyumbani kwao: mahindi waliyoyavuna wenyewe, yakanyeshewa na mvua iliyokuja nje ya msimu, kisha yakahifadhiwa kabla hayajakauka. Waziri wa Afya wakati huo alikuwa Charity Ngilu, mbunge wa Kitui ya Kati. Hatuwezi basi kusema kwamba Nairobi haikuwajua watu hawa.

Wala sumu yenyewe haikuwa ngeni. Mwaka 1981 ilikuwa imeua watu pale pale jirani, Machakos. Kuvu inayoitengeneza ilijulikana, na unyevu na joto vinavyoistawisha vilijulikana pia. Lakini maarifa hayo yalikaa maabara na kwenye majarida kwa zaidi ya miaka 20, huku mkulima wa Kibwezi kule Makueni au Mutomo kule Kitui akiendelea kuhifadhi mahindi kama walivyofanya wazazi wake.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mjadala unaojirudia kila tunapozungumzia wataalamu wa lishe: je, kuwasiliana na watu ni sehemu ya taaluma yao, au ni pambo tu juu ya sayansi? Tangu sheria ya mwaka 2007 ilipounda taasisi ya kuwasajili na kuwasimamia wataalamu wa lishe nchini, mengi yamesemwa kuhusu vyeti na leseni. Kuhusu namna ya kuketi na bibi wa miaka 70 na kumweleza jambo asilotaka kulisikia, tumesema machache mno.

Uchunguzi uliofanywa wakati wa mkasa wa 2004 ulilinganisha wagonjwa 40 na watu 80 waliokuwa wazima. Mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na sumu mara nane hivi ya ile iliyopatikana kwa wenzao. Waliohifadhi mahindi yakiwa na unyevu walikuwa katika hatari kubwa zaidi, na hata kuyaweka ndani ya nyumba badala ya ghalani kulionekana kuchangia. Afisa mwenye haraka ataligeuza hili kuwa amri: wekeni mahindi ghalani. Lakini mavuno yakiwa haba, ghala la nje ni mwaliko kwa mwizi. Mtu anayelala na magunia yake matatu chumbani si mjinga, anakilinda chakula cha watoto. Asipoulizwa kwa nini anafanya hivyo, ataitikia kwa heshima barazani, kisha arudi nyumbani alale na magunia yake.

Kisha kuna ule ujumbe rahisi unaopendwa na mabango: usile mahindi yaliyoota ukungu. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Punje inaweza kuonekana safi kabisa na bado ikawa na sumu, na kuichemsha hakuiondoi. Mama aliyesikia neno la ukungu peke yake atachambua, atatupa punje nyeusi, atazipika zilizobaki na kuamini amemaliza kazi. Zile alizotupa pengine atampa ng'ombe, na sehemu ya sumu itarudi ndani ya nyumba kwa njia ya maziwa.

Zito kuliko yote ni neno "mwaga". Mwaka ule wa 2004 watu wa Ukambani, eneo zilimo Makueni na Kitui, walikuwa na njaa. Kumwambia mtu amwage chakula pekee alicho nacho, bila kumwambia atakula nini jioni, kwangu mimi hayo si mawasiliano. Serikali iligawa mahindi mbadala, na hapo ndipo maneno ya maafisa yalipopata uzito. Hata hivyo soko halikuwa kimbilio: zaidi ya nusu ya sampuli zilizochukuliwa kwa wauzaji wa eneo hilo zilikuwa zimepita kiwango cha sumu kilichoruhusiwa nchini.

Je, kuzungumza na watu kulisaidia? Sumu iliporudi mwaka 2005, wachunguzi waliangalia athari ya kampeni iliyokuwa imeendeshwa Makueni na Kitui na wizara za Afya na Kilimo pamoja na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Waliopata maelezo ya kukausha na kuhifadhi mahindi walikutwa na sumu kidogo zaidi katika damu kuliko ambao hawakuyapata. Hilo ni jambo la kushangaza ukilitafakari: maneno yaliyosemwa vizuri yanaweza kupimwa ndani ya mshipa wa mtu.

Mtaalamu anayesikiliza kabla ya kusema hugundua pia kwamba jibu huenda limo jikoni tayari. Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa ambayo kila nyumba ya Mkamba huyajua, ni mfano mzuri. Watafiti wa Kenya waliochapisha kazi yao mwaka 2008 walipata kwamba kukoboa kulipunguza sumu kwa karibu nusu kwa wastani, ingawa tofauti ilikuwa kubwa kati ya sampuli moja na nyingine. Si kinga kamili, na lazima isemwe hivyo. Lakini kuanza mazungumzo kwa kumsifu mama kwa jambo analolifanya vyema ni tofauti na kuanza kwa kumkemea. Ukishamsifu muthokoi wake, yeye mwenyewe atakueleza habari za mtama, mbaazi na ndengu zinazostahimili ukame wa kwao, na ni kwa nini watoto huzikataa.

Haya hayahusu sumu peke yake. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kwamba takriban asilimia 46 ya watoto wa chini ya miaka mitano Kitui walikuwa wamedumaa, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 26. Kudumaa ni vigumu kukueleza kwa sababu hakuonekani: mtoto mfupi kati ya watoto wafupi ni mtoto wa kawaida. Hapo chati ya kliniki haitoshi. Kunahitajika mtu wa kuzungumza Kikamba redioni, Musyi FM au Mbaitu FM, bila kukimbilia maneno ya chuoni, na mtu wa kukaa na kina mama wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, mpaka maswali ya aibu yatoke. Na baba pia, kwa maana mara nyingi ndiye anayeamua mbuzi yupi auzwe na pesa ziende wapi.

Sasa kuna mtihani mpya. Aflasafe KE01, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015, ni punje za mtama zilizopakwa aina ya kuvu isiyotengeneza sumu. Hunyunyizwa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, ili kuvu hiyo njema iwahi nafasi ya ile mbaya. Sayansi yake ni nzuri. Sasa nenda Makueni umwambie mjane aliyezika watu mwaka 2004 kwa sababu ya kuvu kwamba anunue kuvu, aimwage kwa mkono wake katika shamba lake, na asishtuke akiona punje zimegeuka rangi ya kijani. Atauliza nani mwingine ameijaribu na mavuno yake yalikuwaje, bei yake ni ngapi, na kuku wake wakizidonoa itakuwaje. Hayo yote ni maswali ya haki, na afisa anayesimama mbele yake anapaswa kuwa na majibu, au angalau jina la jirani aliyevuna mahindi ya namna hiyo msimu uliopita.