Habari Iliyotumwa Siyo Habari Iliyofika



Kapita akikuagiza kukata umeme kabla ya kugusa mashine, unarudilia maneno yake kwa sauti. Hapo anajua umesikia. Kompyuta na telefoni nazo zina desturi hiyo, lakini siyo kila mara. Tuangalie sababu.

Habari ikipita katika intaneti hukatwa vipande vidogo. Kipande chaweza kupotea njiani, au cha pili kikatangulia cha kwanza. Kanuni mbili za zamani ndizo zinazovisafirisha.

Ya kwanza ni TCP, iliyotokana na kazi ya Vinton Cerf na Robert Kahn wa Marekani mwaka 1974. Kabla ya kutuma, mashine mbili husalimiana: «Uko?» «Niko, nawe je?» «Niko.» Vipande huhesabiwa, mpokeaji hujibu, na kile kisichojibiwa hutumwa tena. Njia ikijaa, mtumaji hupunguza mwendo. Hii inafaa kwa barua, mshahara na matokeo ya maabara. Tarakimu moja ikipotea, mgonjwa aweza kupewa dawa isiyo yake.

Ya pili ni UDP, ya mwaka 1980. Haisalimii wala haingoji jibu. Maandishi ya juu ya kila kipande chake ni baiti 8 tu. Ya TCP ni 20 au zaidi. Inafaa kwa mazungumzo ya sauti, kwani neno linalorudishwa baada ya sekunde mbili linavuruga tu.

Mwaka 2021 ilikubaliwa kanuni mpya, QUIC. Inasafiri juu ya UDP, lakini yenyewe inadai jibu na kurudisha kilichopotea.

Ipi ni bora? Kila moja ina kazi yake. Lakini shika neno hili: hata jibu la TCP linasema tu kwamba mashine imepokea. Halisemi kwamba mtu amesoma!

Kwa hiyo, mwenzako akiumia, au mtoto akishikwa na degedege usiku, usitume habari kisha ukatia telefoni mfukoni. Ngoja jibu la mtu. Asipojibu, tuma tena, piga telefoni, au mtume mtu mwenye miguu mepesi. Nawe ukipokea habari ya hatari, jibu mara moja: «Nimesikia, ninakuja.»

Maneno hayo machache yaweza kuokoa maisha.