Usiuze Kahawa Ikingali Maua

Ushauri mwingi wa fedha za nyumbani umeandikwa kwa ajili ya mtu anayelipwa kila mwisho wa mwezi. Kaya ya Leeds au Manchester kule Uingereza inapokea mshahara tarehe ileile, bili za umeme na maji zinakatwa benki zenyewe, na kinachobaki ndicho kinachopangiwa matumizi. Hata kanuni ya 50/30/20, iliyoenezwa na Elizabeth Warren na binti yake Amelia Warren Tyagi katika kitabu chao cha mwaka 2005, inaanzia palepale: chukua mshahara wa mwezi baada ya kodi, nusu iende kwenye mahitaji ya lazima, asilimia 30 kwenye mambo unayoyapenda, asilimia 20 kwenye akiba na madeni. Mwalimu wa Nshamba au nesi wa hospitali ya Ndolage, hapa Kagera, anaweza kuitumia bila shida. Kaya inayotegemea kibanja cha migomba na mibuni itahangaika nayo, kwa kuwa fedha zake zinafuata msimu.

Tazama fedha zinavyoingia kwa mkulima wa Kamachumu au Katerero. Mikungu ya ndizi inauzwa kidogo kidogo wiki kwa wiki, na hiyo ndiyo inayonunua chumvi, sabuni, sukari na mafuta. Maharage yanaleta fedha yakivunwa. Njugu mawe za rweya, yaani nyika iliyo nje ya vibanja, ambazo mara nyingi ni jasho la mama, zina wakati wake. Senene wakishuka Novemba, vijana wenye taa na mabati wanapata cha mfukoni. Fedha nzito, ile inayoweza kuezeka nyumba, ni ya kahawa, nayo inakuja mara moja kwa mwaka, kuanzia Mei au Juni hadi Septemba hivi. Kwa mvuvi wa dagaa wa Bumbire au Kerebe kalenda ni nyingine kabisa: siku za giza anavua, mbalamwezi ikiwaka anakaa pwani akishona nyavu na kula alichobakiza.

Matumizi makubwa nayo yana tarehe zake, na hazilingani na hizo. Shule zinafunguliwa Januari. Ada imefutwa kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, lakini sare, viatu, madaftari, godoro la bweni na michango ya chakula bado ni mzigo wa mzazi. Januari hiyo ndiyo mwezi ambao fedha ya kahawa imeshakwisha, Krismasi imeshapita na wageni wake kutoka Dar es Salaam na Mwanza, na kahawa mpya ni punje za kijani mtini. Kaya nyingi hazifilisiwi na soda wala vocha za simu. Zinaumizwa na miezi hiyo minne, Januari hadi Aprili, mahitaji yanapotangulia fedha.

Hapo ndipo butura inapoingia. Mgeni wa mkoa huu aelewe: butura ni kuuza kahawa ikingali maua au punje changa, kwa bei anayoitaja mnunuzi, ili mavuno yakiiva yawe yake. Serikali ya mkoa imeipiga marufuku mara nyingi, na bado inafanyika usiku na mchana kwa sababu inajibu shida halisi ya mtu. Mimi naamini marufuku peke yake haitaimaliza. Mtu anapaswa kuiona gharama ya butura kwa tarakimu, kisha awe na pengine pa kwenda.

Tuseme baba anahitaji shilingi 150,000 mwezi Januari. Mnunuzi wa butura anamlipa 1,500 kwa kilo moja ya kahawa ya maganda, kwa hiyo baba anaahidi kilo 100. Julai inafika, na mnadani kilo inauzwa, tuseme, 3,000. Kilo zilezile zingemletea 300,000. Ameilipia 150,000 kwa 150,000 nyingine ndani ya miezi sita. Hakuna aliyetamka neno riba, lakini hiyo ni riba ya asilimia 100 kwa nusu mwaka.

Sasa linganisha. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni zinazokopesha bila kupokea amana, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa miezi sita ni asilimia 21, sawa na shilingi 31,500 juu ya 150,000. Julai baba huyo angedaiwa 181,500, angeuza kilo 60 na nusu kulipa deni, na angebaki na kilo 39 na nusu zenye thamani ya 118,500. Hata kikundi cha kuweka na kukopa kinachotoza asilimia 10 kwa mwezi, kiwango ambacho nakiona kikubwa mno, kingemchukulia 90,000, nayo ingebaki ndani ya kikundi chake mwenyewe.

Kuna hoja moja ya haki upande wa butura. Bei ikiporomoka, hasara ni ya mnunuzi. Katika mfano huu, bei ingelazimika kushuka hadi 1,815 kwa kilo ndipo mkopo halali na butura vilingane. Chini ya hapo aliyeuza mapema amenusurika. Kwa hiyo anayekopa kwa kutegemea kahawa asikope kwa bei ya ndoto. Afanye hesabu kwa bei ya chini aliyowahi kuiona miaka ya karibuni, aone kama deni bado linalipika.

Lakini dawa bora kuliko mkopo wowote ni kuilipia Januari mwezi Julai. Siku fedha ya kahawa inapoingia, kabla ya bati na kabla ya pikipiki, baba na mama wakae na daftari. Nasema wote wawili kwa makusudi. Katika nyumba nyingi za kwetu fedha ya kahawa inahesabiwa na mwanamume peke yake, na ya ndizi na njugu na mwanamke peke yake, kisha Januari inawakuta wote wawili mikono mitupu, kila mmoja akidhani mwenzake ameweka. Andikeni watoto kwa majina, na mbele ya kila jina sare, viatu, madaftari, nauli, michango ya shule. Jumlisheni. Jumla hiyo si akiba; ni deni ambalo tarehe yake bado haijafika, na litolewe kwanza.

Fedha hiyo ikae wapi? Kuna njia moja ambayo wataalamu huidharau, nami naipenda: geuza sehemu yake kuwa vitu mapema. Kitambaa cha sare, katoni ya madaftari na ndoo ya bweni vikinunuliwa Agosti, hakuna ndugu atakayekuja kuvikopa Oktoba. Sehemu iliyobaki iwekwe kwenye akaunti ya muda maalumu inayoiva mwanzoni mwa Januari. Ukiitoa kabla ya muda unapoteza faida, na kizuizi hicho kidogo kinasaidia sana.

Benki nazo ziulizwe maswali. Bukoba tunayo kumbukumbu yetu: tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano ndogo kwa upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa Kagera Farmers' Cooperative Bank. Wenye amana walifidiwa na Bodi ya Bima ya Amana, wakati huo hadi kikomo cha shilingi milioni 1.5. Mwaka 2023 kikomo kilipandishwa hadi milioni 7.5 kwa kila mteja katika kila benki. Kwa kaya nyingi za wakulima kiasi hicho kinatosha kulinda kila kitu. Aliyeuza kahawa nyingi au kiwanja, na ana zaidi ya milioni 7.5, agawanye kwenye benki mbili. Kinga hiyo haifiki kwenye SACCOS wala VICOBA, sembuse kwenye kopo lililo chini ya kitanda.

Simaanishi VICOBA viachwe. Mtindo huu wa wanakikundi kununua hisa na kukopeshana kutoka sanduku lao ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukafika kwetu baadaye, na leo ni vigumu kupata kijiji cha wilaya ya Muleba kisicho na kikundi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua kama daraja la nne na inavitaka visajiliwe. Usajili una faida: mweka hazina akitoroka, mnaye mtu wa kumshtaki na karatasi ya kushtakia. Sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikakaa kwa watu watatu tofauti, bado ni ulinzi mzuri. Wanaoogopa kulaza fedha taslimu nyumbani wanaweza kutumia huduma ya kikundi kwa simu kama M-Koba, ambayo haitoi fedha bila viongozi kuidhinisha.

Ninachowaomba wanavikundi ni kubadili tarehe moja. Vikundi vingi huvunja na kugawana katikati ya Desemba, na kila mtu anajua fedha hiyo inakwenda wapi: nyama, nguo mpya, kadi za michango ya harusi, pombe ya rubisi. Mnaweza kuamua kwenye katiba yenu kwamba mgao uwe juma la kwanza la Januari. Hisa ni zilezile na faida ni ileile, ila fedha inakutana na sare badala ya sikukuu. Kikundi kinachotaka kufurahi Krismasi kigawe faida Desemba na hisa Januari.

Wanaoshindwa kote huko huangukia mikopo ambayo watu wameipa jina lake sahihi, kausha damu. Dalili zake hazifichiki. Mkopeshaji anataka kadi yako ya benki na namba ya siri, hakupi nakala ya mkataba, anataja marejesho ya kila siku bila kutaja riba, au anaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako ili akuaibishe kwa ndugu na mchungaji wako siku ukichelewa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja hadharani programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mkopeshaji halali wa kibiashara ana leseni ya Benki Kuu. Mwambie akuonyeshe kabla hujatia saini. Kuhusu kuweka nyumba au kibanja rehani, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani. Mama akiambiwa asaini karatasi asiyosomewa, ana haki ya kukataa.

Yapo pia matumizi yasiyo na tarehe, yaani ugonjwa na msiba. Hapa Kagera tuna bahati ya kuwa tumechunguzwa kwa kina. Mwaka 2000 mtafiti Joachim De Weerdt alifuatilia kaya zote 119 za kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, akiuliza kila kaya hutegemea nani ikipatwa na shida. Uchambuzi alioufanya pamoja na Stefan Dercon ulionyesha kwamba ugonjwa ulipoingia nyumbani, chakula kililindwa na kijiji kizima; matumizi mengine yalilindwa kwa sehemu na mtandao wa watu wa karibu wa kaya husika. Na maskini walikuwa na mtandao mwembamba kuliko wenye uwezo. Ndiyo maana nasema mchango wa chama cha kufa na kuzikana usikatwe mwaka ukiwa mbaya, hata kama unauma. Mwenye ndugu wachache mjini ndiye anayekihitaji chama hicho kuliko wote.

Bima ya afya ni upande wa pili wa jambo hilohilo. Mchango wa CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, uliwekwa kuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Uliza kwenye zahanati yako mchango wa sasa ni kiasi gani, kisha uuweke kwenye ukurasa uleule wa Julai, chini ya majina ya watoto.

Mipango yote hiyo inasimama juu ya kilo za mavuno, nazo zinalindwa shambani na uani. Mnyauko wa migomba ulioingia mkoani mwaka 2006 uliua fedha ya kila wiki katika vibanja vingi vya Muleba, na kinga yake ni ya bei ndogo: kukata ua dume kwa kijiti chenye panda, na kuchoma panga motoni kabla ya kuhamia shina jingine. Kahawa ichumwe ikiwa nyekundu na ianikwe juu ya turubai au kichanja, mbali na udongo. Kuijua kama imekauka ni rahisi: chukua ganda moja, litikise karibu na sikio, usikie punje ikigonga ndani. Ikiwa kimya, bado ina maji, itaota ukungu ghalani na itashushwa daraja.

Siku ya kuipeleka kwenye chama cha msingi, simama karibu na mizani. Hakikisha inasoma sifuri kabla gunia halijapanda, soma kilo mwenyewe, na usiondoke bila stakabadhi yenye jina lako, tarehe na uzito. Uliza pia makato yote yatakayotolewa kabla fedha haijaingia kwenye akaunti, moja baada ya jingine, na uyaandike nyuma ya stakabadhi hiyo. Fedha ikiingia pungufu, utakuwa na cha kumwonyesha katibu.