Kuharisha kwa Mtoto: Si Meno, ni Maji



Leo tumzungumzie mtoto wa miezi saba au minane. Ameanza kutambaa, meno yanachomoza, na ghafla anaharisha. Nyumbani watu husema, "Ni meno hayo, yatapita." Wengi tumelelewa tukiamini hivyo, lakini meno hayaleti kuharisha. Tazama ni nini kingine kilichoanza wakati huohuo. Hadi miezi sita mtoto hunyonya tu, bila hata tone la maji, na hata kwa joto letu la Garsen maziwa ya mama humtosha. Baada ya hapo anaanza kupewa uji na maji. Tena anatambaa uani walipopita kuku na mbuzi, na kila anachookota anatia mdomoni.

Wengi wetu twateka maji mto Tana, na rangi yake twaijua. Mama huyaacha mtungini usiku kucha, au hutia shabu, tope likatuama. Asubuhi maji yang'aa. Hayo maji meupe ndiyo yanayotudanganya! Shabu hutuliza tope. Vijidudu bado vimo. Yakishatulia, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe mpaka yatokote, au tia dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa na ungoje nusu saa. Wakati wa mafuriko, kama yale ya mwisho wa 2023, vyoo hufurika, kwa hiyo hata maji ya kisima yachemshwe. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kumtawaza mtoto na kabla ya kumlisha.

Akiharisha, usimwachishe ziwa. Mnyonyeshe zaidi, na chakula aendelee kula. Pata ORS na vidonge vya zinki kwenye kituo cha afya. Kila akiharisha, mpe ORS robo hadi nusu kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha uendelee. Zinki hupewa kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama tumbo limetulia. Hapo ndipo wengi huacha mapema.

Ukiona macho yamedidimia, utosi umebonyea, amelegea, hawezi kunyonya, anatapika kila kitu au choo kina damu, usingoje gari la kesho. Mpeleke zahanati iliyo karibu, au hospitali ya Ngao ukiwa upande huo, na maadamu anameza, njiani mpe ORS kijiko kwa kijiko.