Waridi Jekundu la Kupanda Ukutani: Mfano wa Bustani Ndogo ya Misigiri

Msafiri atokaye Singida mjini kwenda Nzega hupita Misigiri, mahali inapochepuka njia ya Kiomboi, kabla ya kuteremka mlima wa Sekenke kuelekea Shelui. Nchi hii ni ya alizeti, mtama na mifugo. Mvua za mkoa wa Singida ni baina ya milimeta 500 na 800 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Je, yafaa kupanda waridi katika nchi ya namna hii, tena waridi jekundu lenye kunukia, la aina inayopanda ukutani? Jibu letu ni kwamba yafaa, kwa masharti mawili: mpandaji aelewe jinsi mmea huu unavyotoa maua, na ajue maji yake yatatoka wapi. Aghalabu watu hushindwa katika sharti la kwanza kabla hata ya kulifikia la pili. Mmea hukua, huvuka paa, huwa na majani mengi ya kupendeza, na maua mawili matatu juu kabisa ambako hakuna awezaye kuyanusa.

Tuanze na jina lenyewe. Mwaridi husemwa kuwa unapanda, lakini kwa hakika haupandi. Mmea wa boga hutoa vijikono vya kujishikiza, na baadhi ya kunde hujiviringisha kwenye mti. Mwaridi hauna kimojawapo. Unazo fito ndefu tu zenye miiba iliyopinda, ambayo porini hunasa kwenye matawi ya mimea mingine na kuuegemeza mmea. Miiba hiyo ni sehemu ya ngozi ya ufito, wala si kitawi kilichogeuka kuwa mwiba kama ule wa mchungwa. Mwanafunzi na aisukume kwa kidole gumba kutoka ubavuni: ya mwaridi hukatika mara moja na kuacha kovu safi, ilhali ya mchungwa hung'ang'ania mti. Basi mwaridi usipofungwa na mtu, huanguka au huenda utakako.

Namna ya kuufunga ndiyo siri ya maua. Kwapani mwa kila jani kuna jicho, yaani chipukizi lililolala. Ufito ukisimama wima, ncha yake huyazuia macho ya chini yasiamke. Mwanafunzi wa Iramba hana haja ya kwenda mbali ili kuona amri hii ya ncha: alizeti nyingi za shambani husimama kwa bua moja na kichwa kimoja, ingawa macho yamo ubavuni mwa bua tangu utotoni. Katika miaka ya 1930 Kenneth Thimann na Folke Skoog, wakifanya kazi Marekani, walikata ncha za mimea iliyo jamaa ya maharage, na macho ya chini yakaamka. Walipopaka homoni iitwayo oksini mahali palipokatwa, macho yakabaki yamelala kana kwamba ncha ingalipo. Kwa muda mrefu oksini ikahesabiwa kuwa maelezo yote. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walionyesha kwa njegere kwamba sukari nayo ina sehemu kubwa: ncha inayokua kwa kasi huivuta sukari ya mmea, na macho ya chini hulala kwa njaa. Ncha ikiondolewa, sukari huyafikia macho upesi sana, hata kabla kiasi cha oksini hakijapungua karibu nayo.

Mkulima wa waridi hapaswi kukata ncha ovyo, kwa sababu hupoteza urefu anaoutaka. Yeye huulaza ufito. Ufito uliofungwa kwa mlalo, au ulioinama vya kutosha, hupunguziwa ile amri ya ncha, na macho yaliyo upande wa juu huamka yote kwa pamoja. Kila jicho hutoa kitawi kifupi, na kila kitawi huishia kwa ua. Ufito mmoja wa meta mbili uliosimama wima huweza kutoa maua machache kileleni. Ukilazwa, huchanua tangu mwanzo hadi mwisho wake. Shule inaweza kulijaribu jambo hili kwa makopo matatu ya maharage: mche mmoja uachwe, wa pili ukatwe ncha, wa tatu ulazwe na kufungwa kwenye kijiti. Baada ya majuma mawili, vitawi vya ubavuni vihesabiwe.

Bustani ikiwa ndogo hata ukuta hakuna, ufito uzungushwe kwenye nguzo kwa mzunguko mpana, kama kamba juu ya pia. Ufungwe ungali mchanga na laini, maana ukizeeka huvunjika. Kamba ya mkonge ni bora kuliko waya, kwa kuwa haikati ganda. Ukutani, nyaya zitandazwe sentimeta 10 mbali na ukuta ili hewa ipite. Uzio wa minyaa, ulio wa kawaida sana katika Singida, haufai kuegemezea mwaridi: mizizi yake hushindania maji, na utomvu wake ni hatari kwa macho ya apogoaye.

Aina nayo si ya kuokota popote. Miwaridi mingi ya kale hungoja baridi kali ipite ndipo ichanue, mara moja tu kwa mwaka. Waridi la Jabali Akhdar nchini Omani, ambalo wenyeji hukeneka maji ya waridi kutokana nalo, ni la namna hiyo: huota kwenye kimo cha meta 2,000 hivi, na mavuno yake huisha katika majuma machache mnamo Aprili. Misigiri haina baridi ya kiasi hicho. Hapa wahitajika uzao wa miwaridi ya Uchina iliyofika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18, ambayo huchanua mara kwa mara. Mwaka 2012 ilielezwa kwa nini: jeni iitwayo KSN, ambayo kazi yake ni kuzuia kuchanua, ndani yao imeharibiwa na kipande cha DNA kilichojipenyeza katikati yake. Miongoni mwa aina nyekundu zinukiazo na zenye fito ndefu, “Don Juan”, iliyotolewa mwaka 1958 na Michele Malandrone wa Italia, haizidi sana meta tatu na hustahimili joto. Lakini jina si kitu kwa mtu apewaye kikonyo na jirani. Na aulize tu kama mmea huchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka, kisha alinuse ua lake mnamo saa mbili asubuhi.

Kunusa ni lazima, kwani rangi haitoi ushahidi wa harufu. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walilinganisha mawaridi mawili mekundu, “Papa Meilland” linukialo sana na “Rouge Meilland” lisilonukia kitu. Walikuta kwamba kimeng'enya kimoja, RhNUDX1, hufanya kazi kwa nguvu katika la kwanza na ni dhaifu mno katika la pili. Ndicho kisaidiacho kutengeneza geranioli, moja ya kemikali za harufu ya waridi. Ajabu yake ni kwamba jamaa za kimeng'enya hicho zilikuwa zikijulikana kwa kazi tofauti kabisa, ya kusafisha molekuli zilizoharibika ndani ya seli.

Sasa maji. Mwaridi uliokwisha kushika huhitaji kama lita 20, yaani ndoo moja, kwa juma wakati wa kiangazi. Majuma 26 ya ukame ni lita 520, au mapipa matatu ya lita 200. Milimeta moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo bati la meta 6 kwa 5, mvua ikiwa milimeta 600, hupokea lita 18,000. Tatizo si mvua, ni chombo cha kuiwekea. Kwa maoni yetu, nyumba ichotayo maji mbali isimpe ua ndoo ya maji ya kunywa. Yapo maji yaliyokwisha kutumika: ya kuoshea mchele, mboga na mikono. Ya sabuni ya unga yaachwe, maana chumvi zake za sodiamu huharibu udongo.

Shimo liwe la sentimeta 60 kila upande, na udongo wa kichanga uchanganywe na samadi ya ng'ombe iliyooza vema. Samadi ya kuku, tele kama ilivyo Singida, itumike kidogo, kwani naitrojeni yake nyingi hukuza majani. Nyasi za kutandaza huzuia maji yasikauke, ila huita mchwa. Ziachwe kiganja kimoja mbali na shina. Mahali pafaapo ni pale jua la asubuhi linapopiga na la alasiri linapozuiwa, kwani petali nyekundu zilizokoza huungua na kuwa nyeusi pembeni. Maji yamwagwe shinani asubuhi, yasiguse majani: ukungu wa madoa meusi huhitaji jani libaki na maji kwa saa saba hivi ili uingie.

Katika miaka miwili ya kwanza fito kuu zisikatwe. Baadaye, mwanzoni mwa Oktoba, vitawi vilivyokwisha kuchanua vipunguzwe hadi macho mawili au matatu, na ufito mmoja uliozeeka uondolewe ili mpya ulazwe mahali pake. Tangu kupogoa hadi kuchanua ni majuma sita hadi manane, hivyo maua ya kwanza hukutana na mvua za mwisho wa Novemba. Vipande vilivyokatwa, vya sentimeta 20 na unene wa penseli, visitupwe: vikichomekwa theluthi mbili ndani ya mchanga wenye unyevu, kivulini, baadhi yake hutoa mizizi na kuwa miche ya kugawa.