TONE LA DAMU LA MISUNGWI LILIFIKA WAPI?

Kama mwaka 2019 ulikuwa mtoto na mlikuwa mnaishi Misungwi, huenda nyumbani kwenu mligawiwa neti mpya. Siku nyingine wakaja wataalamu, wakakuchoma kidole, wakapima tone la damu, wakaaga. Vijiweni utasikia watu wakisema, "Aa, hao watafiti wanachukua damu zetu tu, majibu hatuyaoni!" Je, ni kweli? Hebu tulifuate tone hilo.

Kutoka kijijini hadi kwenye jarida

Mbu wengi wa Kanda ya Ziwa wamekuwa sugu kwa pairethroidi, dawa iliyozoeleka kwenye neti. Kwa hiyo watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kituo cha Mwanza, pamoja na wenzao wa Moshi, London na Kanada, walitaka kujua ni neti ipi itawashinda mbu hao. Waligawa vijiji 72 vya Misungwi katika maeneo 84, wakapiga kura ya kuamua eneo gani lipate neti ya aina gani kati ya aina nne.

Baada ya miaka miwili wakapima watoto. Penye neti za kawaida, asilimia 45.8 walikuwa na vimelea vya malaria. Penye neti zilizoongezwa dawa iitwayo klofenapiri, walikuwa asilimia 25.6 tu. Tofauti hiyo si ndogo!

Mwaka 2022 matokeo yalichapishwa katika The Lancet, jarida la kitabibu la Uingereza lililoanza mwaka 1823. Jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi ni la Mtanzania, Jacklin Mosha wa NIMR Mwanza.

Kurejelewa ni nini?

Kwenye kikao mtu husema, "Kama alivyotangulia kusema mzee fulani..." Wanasayansi nao hufanya hivyo. Anayeandika makala lazima ataje kazi za wenzake alizozitegemea. Kazi yako ikitajwa, umerejelewa. Ukitumia ya mwenzako bila kumtaja, huo ni wizi, sawa na kunakili hesabu za jirani yako darasani.

Siku hizi kompyuta huhesabu marejeo hayo. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alibuni kipimo kiitwacho h. Tuchukue mfano. Mtafiti ana makala tano, nazo zimerejelewa mara 10, 6, 4, 2 na 1. Makala tatu zimefikisha angalau marejeo matatu kila moja, lakini hana makala nne zilizofikisha manne. Basi h yake ni 3. Rahisi, sivyo?

Lakini usidanganyike na namba

Kurejelewa sana si lazima kuwe sifa. Mwaka 1998 Andrew Wakefield na wenzake waliandika kuhusu watoto 12, wakaihusisha chanjo ya surua na usonji. Makala ile imetajwa mara nyingi mno, na wengi walioitaja walikuwa wakiipinga. Mwaka 2010 The Lancet ikaifuta. Kwa hiyo usiulize tu "ametajwa mara ngapi?" Uliza pia "ametajwa kwa lipi?"

Tena, namba haimhesabu kila anayefaidika. Mama anayemlaza mwanawe ndani ya neti nzuri pale Usagara haandiki makala. Usingizi wa mtoto wake hauongezi h ya mtu yeyote.

Basi tone lilifika wapi?

Machi 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mahali penye mbu sugu, neti zenye klofenapiri zitumike badala ya zile za pairethroidi peke yake. Ushahidi ulitoka katika tafiti mbili kubwa: moja ya Benin, na nyingine ya Misungwi! Kumbe damu ya watoto wa wakulima na wavuvi imesaidia kuamua neti za nchi nyingine.

Lakini kuna jambo. Watafiti walirudi mwaka wa tatu wakakuta neti nyingi zimechakaa, na waliokuwa bado wanazilalia wamepungua sana. Makala hata irejelewe mara elfu, haiwezi kukuchomekea neti chini ya godoro.

Wewe ufanye nini?

• Lala ndani ya neti kila usiku. Ikitoboka, ishone.
• Mtafiti akija kwenu, muulize: unatafuta nini, na majibu tutayapata lini? Ni haki yako, na unaruhusiwa kukataa.
• Ukisikia "utafiti umesema", uliza: wa nani, wa mwaka gani, na umefanyika wapi?

Jadilini darasani: Mtafiti wa kwanza ana h kubwa. Wa pili ana h ndogo, lakini alirudi kijijini kueleza majibu. Nani amefanya kazi bora? Kwa nini?