Usiniletee Mtu Nimnyooshe

"Daktari, nikikuletea binti yangu, utamwambia amwache yule kijana?" Swali hili hunijia kwa sura nyingi. Mke anataka mumewe anyooshwe. Baba anataka kijana aambiwe asomee sheria. Shangazi anataka mpwa wake aolewe kabla mwaka haujaisha. Jibu ni hapana, na nimechoka kulipamba.

Wengi huamini kwamba tiba ya mazungumzo ni mawaidha ya kulipia, na kwamba anayelipa ndiye anayeyapanga. Hebu tufikiri. Anayeketi mbele yangu ameshaonywa na mama, na somo yake, na sheikh au mchungaji, na hata msusi wake. Kama maonyo yangemfaa, asingepanda daladala kuja kwangu. Nikimwongezea langu, atalipokea kama alivyoyapokea yao: ataitikia kwa kichwa, atakificha kinachomuuma, na hatarudi. Tena hatari kubwa ni pale ninapotiiwa. Aliyemwacha mchumba kwa amri yangu atarudi kuniuliza amfanyeje wa pili.

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeiasisi njia ninayoifuata, alijifunza hili kwa mama mmoja aliyemleta mwanawe mkorofi kliniki mjini Rochester. Rogers alikuwa ameshaamua kwamba ukorofi wa mtoto ulitokana na mama kumkataa mwanawe, na kwa vikao kadhaa akajaribu kumwonyesha hivyo kwa upole. Haikufaa kitu, wakakubaliana kuacha. Mama alipofika mlangoni aligeuka, akauliza kama pale watu wazima nao hupokelewa. Akarudi kitini, akayamwaga machungu ya ndoa yake, maelezo tofauti kabisa na yale makavu aliyoyatoa mwanzo. Msaada ulianzia hapo, na mtoto naye akanufaika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwaka 1957 Rogers aliandika kwamba mtaalamu awe mkweli, aione dunia kama mteja anavyoiona, na amkubali bila masharti. Hili la mwisho ndilo linalowakera watu. Ndiyo, nampokea mwenye VVU, mlevi, aliyebadili dini, aliyezaa nje ya ndoa, na aliyekanwa na ukoo wake. Sisifii kila wanalofanya. Ila hakuna anayelazimika kufanana nami ndipo nimheshimu.

Kwa haraka basi. Anayeumia aje kwa hiari yake. Ukimlipia, usiniulize alichosema. Kama asiyelala kwa wasiwasi ni wewe, weka miadi kwa jina lako. Mwulize mtaalamu amesomea wapi, siri zako anazilindaje, na ni lini atalazimika kuzitoa. Vikao vitatu vikipita nawe bado hujahisi kusikilizwa, tafuta mwingine. Anayetaka kujiua, au anayesikia sauti wasizozisikia wengine, apelekwe hospitali leo hii, asisubiri miadi yangu. Kwa mtoto anayeteswa, piga 116, Tanzania au Kenya, ni bure.