Mionzi Iliyomo Mwilini Mwetu: Je, Ina Madhara?

Neno mionzi likitajwa, wengi wetu hukumbuka mabomu yaliyoangushwa Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945, au ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986. Si ajabu, basi, mama akiambiwa kuwa ndizi na maharage ya jikoni mwake yana mionzi, na kwamba hata mtoto anayemnyonyesha anayo mwilini, kushikwa na hofu. Je, aache kumpakata mwanawe? Amnyime ndizi? Yafaa jambo hili lielezwe wazi, kwani hofu isiyo na msingi yaweza kumkosesha mtoto chakula chema.

Ndizi, maharage, viazi na mboga za majani vina madini yaitwayo potasiamu. Pasipo madini hayo moyo haupigi sawasawa wala misuli haifanyi kazi. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 70 anayo kiasi cha gramu 140. Katika kila atomu 10,000 za potasiamu, takriban moja ni ya aina iitwayo potasiamu-40, ambayo huvunjika yenyewe na kutoa mionzi. Mwilini mwa mtu huyo huvunjika atomu zaidi ya 4,000 kila sekunde. Pia kuna kaboni-14, inayozaliwa juu angani kwa nguvu ya miale itokayo nje ya dunia. Mimea huivuta pamoja na hewa, nasi tukaila.

Hesabu hizo zaweza kutisha, lakini atomu ni kitu kidogo kupita kiasi. Wataalamu hupima mionzi impatayo mtu kwa kipimo kiitwacho milisiveti. Kwa wastani wa dunia, mionzi ya asili humpatia mtu milisiveti 2.4 kwa mwaka, kutoka ardhini, angani, hewani na katika chakula. Potasiamu ya mwilini huchangia 0.17 tu.

Pengine utauliza: je, mla ndizi nyingi hajikusanyii mionzi? Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki hakijai. Mwili hushika potasiamu unayoihitaji, na inayozidi hutolewa na figo kwa njia ya mkojo. Mwenye ugonjwa wa figo ndiye apaswaye kufuata shauri la daktari kuhusu vyakula hivyo, si kwa ajili ya mionzi, bali kwa kuwa potasiamu ikizidi huudhuru moyo.

Na mama ampakataye mtoto? Ni kweli kwamba miale michache hutoka nje ya mwili, hata mashine maalumu zaweza kuipima. Lakini kiasi kimfikiacho mtoto ni kidogo mno, wala si sababu ya kumtenga. Ampakate na kumnyonyesha bila wasiwasi.

Hata hivyo, si kila kilicho cha asili ni salama. Majani ya tumbaku hubeba poloniamu-210, nayo huingia mapafuni pamoja na moshi na sumu zake nyingine. Baba avutaye sigara chumbani huwadhuru wanawe kuliko ndizi zote za sokoni. Vilevile iko hewa ya radoni, itokayo katika udongo na miamba, ambayo ikijikusanya ndani ya nyumba yaweza kuleta saratani ya mapafu.

Kwa hiyo, akina mama na akina baba, tuzingatie haya:

1. Tuwape watoto ndizi, maharage na mboga bila hofu.

2. Tusivute sigara, hasa ndani ya nyumba.

3. Tufungue madirisha ili hewa ipite.

4. Mwenye mimba, au anayedhani kuwa nayo, amweleze daktari kabla ya kupigwa picha ya eksirei.

5. Tuwakataze watoto kuokota au kufungua vyombo vya chuma wasivyovijua. Huko Goiânia, Brazili, mwaka 1987, watu walivunja kifaa cha tiba kilichoachwa katika jengo tupu, na wanne wakapoteza maisha, akiwamo mtoto wa kike wa miaka sita.